Kifo cha Tatu cha Mzee Kifuu

Viola alimuua Mzee Kifuu mara tatu kabla ya kupata kifo kilichomridhisha. Mara ya kwanza alimtumia nyoka, akaona nyoka ni ajali tu, na mtu mbaya kama yule hastahili kufa kwa ajali. Mara ya pili alimtumbukiza kisimani, lakini kisima kilimficha, na wasomaji hawapendi kufichwa. Mara ya tatu alimwitia kijiji kizima, mapanga na mawe na petroli, akamwacha afe polepole kwa kurasa nne huku watoto wakitazama. Hapo akaweka simu chini, akajinunulia soda baridi kujipongeza.

Msimwone katili. Kifuu hakuwa mtu. Alikuwa sauti tu, mchawi wa mchezo wa redio ulioitwa Kisima Kikavu, uliokuwa ukirushwa na kituo kimoja cha Malindi kila Jumapili baada ya ibada. Kwa miaka miwili Kifuu aliua watoto wa wenzake, akala mashamba ya wajane, akacheka kicheko chake cha kukwaruza, na watu wakangoja siku atakayolipa. Kisha mchezo ukakatizwa. Jumapili moja watu walikaa kusikiliza, wakapigiwa matangazo ya magodoro. Ukimnyima mtu mwisho wa hadithi umemdhulumu, tena dhuluma mbaya, kwa sababu hana pa kwenda kushtaki.

Basi Viola akawapa mwisho. Alikuwa msichana wa Nyahururu aliyeajiriwa Kibarani, katika saluni ya Jedida, na tangu amalize shule hakuwa ameandika kitu cha maana. Aliwachukua wahusika wa mwenzake, akawaendeleza kutoka pale walipoachwa, akarusha sehemu yake ya kwanza katika kundi la wasapu la wapenzi wa mchezo. Kundi liliwaka. Mwandishi wa mchezo mwenyewe, bwana mmoja aitwaye Dedan, alimwandikia mara moja tu: "Hao ni watu wangu. Kama wewe ni mwandishi kweli, zaa wako." Viola alilia, kisha akaandika sehemu nyingine kwa hasira, nayo ikapendwa kuliko zote.

Na faida zilikuwepo, nani atakataa? Mama mmoja wa Kuruwitu alisema mumewe, ambaye hakuwa ameshika kitabu tangu ubatizo wake, sasa humwomba amsomee. Viola naye alijifunza ufundi: wapi akate, wapi amnyamazishe mtu, wapi amcheleweshe muuaji mlangoni. Kwenye ukurasa mtupu hangejifunza hayo. Alijifunza kwa kujenga juu ya msingi wa mtu, na mjenzi wa namna hiyo hapati shida ya kuchimba. Hajui pia kilichofukiwa chini.

Aliyemfurahia zaidi alikuwa Mzee Randu wa Vitengeni, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwigiza Kifuu. Alikuwa akija saluni mara kwa mara kupakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi, kichwa kizima na ndevu, na siku ya kwanza alipofungua kinywa kuitikia salamu, Viola aliangusha brashi. Sauti ni ile ile! Ila mwenye sauti alikuwa mkulima mpole wa mahindi, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimekatika nusu, mtu wa kuomba radhi hata akikaa kitini.

"Shikamoo, baba," Viola alimwamkia safari moja, walipokwisha kuzoeana.

"Marahaba, mwanangu. Je, umeshaniua?"

"Bado, baba. Nanoa panga."

"Niue vizuri basi. Yule Dedan aliniacha nikining'inia, na hata mtu wa kubuni hutaka kuzikwa." Alicheka kwa kicheko cha Kifuu kumfurahisha, na wateja wengine wakashika vifua. "Anasema wewe mwizi, sivyo? Mimi sikumwandika Kifuu. Nilimpa koo tu. Wewe umempa miguu. Kama ni wizi, tutafungwa pamoja."

Siku moja Viola alimuuliza kwa nini anajisumbua na piko na hali ni mtu wa shamba. Mzee Randu alijitazama kiooni akasema uzee hauna soko. Viola akaona ni mbwembwe za wazee, akacheka, na hilo likapita.

Alipofika kwenye kifo cha tatu alikwama. Kijiji kingemtambuaje mchawi? Hadithi ilitaka alama, kitu cha kushikika. Akatazama vidole vyake vilivyoingia weusi wa piko, akafurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Akaandika kwamba kila unywele mweupe wa mchawi ni roho aliyoila, ndiyo maana huzificha mvi zake kwa piko. Mwosheni kichwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, maji yakitoka meusi mmemshika. Ili Kifuu awe na mwili, akamkata kidole nusu, akamjengea nyumba ya mabati ya buluu karibu na lambo, kama ile ambayo Mzee Randu alimsimulia. Kwa mapenzi, jamani. Alimvika mchawi vazi la mtu anayempenda.

Alikirusha kifo hicho kundini, na baada ya siku chache Jedida aliingia saluni asubuhi, simu mkononi, akamzaba Viola kofi mbele ya wateja.

"Hili la piko umeliandika wewe?"

"Dada Jedida, ni hadithi tu!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Mimi ni mtu wa Ganze, nikueleze. Kwetu mzee akiota mvi anaitwa mchawi. Anakatwakatwa kwa panga, na wanaomkata ni watoto wa ndugu zake wanaolitaka shamba. Hao wazee unaowaona hapa, unadhani wanatafuta wachumba? Wanapaka piko wapate kuishi! Ndiyo ngao yao, na wewe umewaonyesha wauaji mahali pa kuitoboa." Akamsogezea simu usoni. "Jana sokoni wameosha vichwa vya wazee wawili. Mmoja hana sikio. Na Mzee Randu hashiki simu."

Viola alitoka na aproni yake mwilini, akasimamisha bodaboda, akamwambia dereva Vitengeni, mbio. Njia nzima aliomba Mungu hadithi yake iwe mbaya, isiwe na wasomaji, isiwe imefika huko. Hajapata kuomba jambo kama hilo mwandishi yeyote.

Ilikuwa imefika. Ua wa nyumba ya mabati ya buluu ulijaa watu kama wa harusini, ila walishika mapanga na marungu. Katikati yao Mzee Randu alikuwa amepigishwa magoti mbele ya beseni. Mpwa wake Mwaro, kijana mwenye shingo nene na shati jekundu, alimshika kisogo akamzamisha katika maji ya moto yenye povu, akamsugua kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ikabanduka, akamwinua juu. Maji yalitiririka meusi, kisha mekundu.

"Mmeona?" Mwaro alipaza sauti. "Ni meusi! Kama ilivyosemwa!"

"Mutsai!" watu walijibu, mchawi kwa lugha ya kwao, na jiwe likaruka likampiga Mzee Randu mdomoni. Meno yalidondoka ndani ya beseni. Mtu akacheka.

Viola alijipenyeza kwa viwiko mpaka mbele. "Mwacheni! Ni uongo! Hadithi hiyo niliitunga mimi, na piko hiyo nilimpaka mimi kwa mikono yangu hii!"

Mwaro alimtazama kuanzia aproni hadi ndara.

"Wewe nani? Hadithi hii ya redio. Tumeisikia miaka miwili."

"Redio ilikoma! Sehemu hizi za mwisho ni zangu."

"Zote?" Mwaro alitoa simu, akasoma kwa sauti: "'Na jina lake la kuzaliwa mchawi huyo ni Randu, naye alimla nduguye wa tumbo moja, na shamba la marehemu halitazaa mpaka damu yake imwagike juu yake.'"

"Hiyo si yangu! Sijaiandika hiyo!"

"Ile yako, hii si yako. Wewe ndiye wa kutuchagulia?"

Viola alielewa. Kuna mtu alikuwa amemchukua Kifuu kutoka mkononi mwake na kumwendeleza, kama yeye alivyomchukua kutoka kwa Dedan. Angemkanya vipi? Na hakuhitaji kuuliza ni nani, kwa sababu aliona Mwaro alivyosoma kifungu kile bila kukitazama sana.

"Lisemwalo lipo," alisema mama mmoja aliyeshika jiwe, "na kama halipo, laja."

"Na kidole je?" Mwaro akauliza, akauinua mkono wa kushoto wa mzee watu waone. "Redio haina macho. Huyu kasichana ka bara alijuaje kidole? Alijuaje nyumba? Nani alimwambia siri ya piko, kama si mchawi mwenyewe? Huyu ni mwanafunzi wake!"

Bapa la panga lilimpiga Viola mgongoni, akaanguka kifudifudi. Teke likamwingia mbavuni, akasikia kitu kikivunjika ndani yake. Mwingine alimkanyaga mkono wa kulia akausaga kwa kisigino, mkono uleule wa kuandikia, huku akimwuliza ameua watoto wangapi. Vumbi lilimjaa kinywani. Alipogeuza uso aliona Mwaro amelipindua panga, sasa makali yako chini, na akajua kwamba atakufa mle mle ndani ya sentensi zake. Aliogopa vibaya sana, akajikojolea.

Ndipo kicheko kikatoka.

Kila mtu pale alikijua. Kuna waliokuwa wakizima redio kwa ajili yake, kuna watoto waliolazwa kwa kutishwa nacho. Kilianza chini kifuani, kikapanda kikikwaruza, kikatoka katika kinywa kilichovunjika meno, na umati mzima ukarudi nyuma hatua moja. Mzee Randu alikuwa amesimama. Damu na povu vilimtiririka usoni, na mvi zake zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye mizizi.

"Mnaitafuta roho yangu kwa mapanga?" alisema kwa sauti ya Kifuu. "Sikuiweka kifuani. Niliiweka vinywani mwenu, kila mlipolitaja jina langu. Niueni basi, na jioni mtanila kwa ulimi."

Yalikuwa maneno ya Viola. Aliyaandika akiwa juu ya kitanda chake, akila karanga, akayafuta na kuyarudia mpaka yakamkaa vizuri. Mzee alikuwa ameyahifadhi yote, hakuacha hata moja.

"Na huyu msichana hana lake," akaendelea, na hayo hayakuwa ya Viola, yalikuwa yake. "Niliiazima mikono yake tu. Atakayemgusa nitamfuata mpaka kwenye titi la mamaye. Mwaro, nianze na wewe?"

Mwaro aliliachia panga. Watu walifungua njia, na katika njia hiyo akapita Kahonzi, binti wa Mzee Randu, aliyekuwa amefungiwa jikoni mpaka walinzi wake walipokikimbia kicheko. Alimkamata Viola kwapani akamkokota kuelekea kwenye mahindi. Viola alipiga kelele kwamba arudi akamchukue babake. Kahonzi alimziba mdomo kwa nguvu, huku machozi yakimtiririka, akasema, "Ameshakiri. Hawezi kutoka tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Hofu ya umati haidumu, na ikiisha hugeuka kuwa ghadhabu kubwa zaidi, kwa kuwa watu huona haya kwamba waliogopa. Kutoka mahindini walisikia kicheko kikikatika ghafla, ikatoka sauti nyingine, ile ya kuomba radhi, ikiwaita vijana kwa majina yao, mmoja mmoja, ikiwakumbusha baba zao. Halafu mapigo. Halafu harufu ya petroli. Viola alikuwa ameandika kurasa nne za kifo hiki akakisifu kwa urefu wake. Chenyewe kilikuwa kifupi, hakikuwa na maneno, na kilimtapisha.

Polisi walifika majivu yakiwa yamepoa. Mwaro alichukuliwa na wengine wawili, na watu wa soko wakasema watatoka tu, maana nani atatoa ushahidi dhidi ya kijiji? Jedida alimleta Viola nyumbani kwake kutoka hospitali, akiwa amefungwa mbavu na mkono, akamlaza bila kumwambia neno lolote baya. Kofi alilokwisha kumpa lilimtosha.

Hapo kitandani Viola alifungua kundi. Sehemu mpya ilikuwa imeshatoka, haina jina la mwandishi. Kifuu alikufa akicheka. Msichana wa saluni, mwanafunzi wake, alitoroka mahindini akiwa na mimba ya shetani, na sasa yuko mjini akitafuta kichwa cha kupaka. Watu walikuwa wamejaza mioyo na makofi mpaka chini. Wengi walisema hii imepita zote.

Viola alianza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Aliandika kwamba huyu alikuwa mtu. Aliitwa Randu, alilima mahindi Vitengeni, aliigiza kwa sababu alipenda kuwachekesha watu, wala hakumdhuru kiumbe. Aliandika kwamba habari za piko alizibuni yeye kwa ujinga, kwamba mzee alikufa ili yeye apone, na kwamba anawaomba, kwa jina la Mungu, waache hapo.

Aliona wakisoma. Alingoja, simu juu ya kifua chenye maumivu. Wa kwanza kujibu alikuwa mtu asiyemjua.

"Pole, dada," aliandika, "lakini usituharibie hadithi."