Kunguru wa Mama Mkwe

Siku ya kumi tangu mama mkwe wangu Yamunabai afariki, tulikuwa kwenye ngazi za mto Krishna, pale Wai, tunambembeleza kunguru. Matonge ya wali tulishayapanga juu ya jani. Kunguru akiyagusa, marehemu ameridhika, twende nyumbani tukale. Asipoyagusa, mama wa watu kaondoka na kinyongo. Saa nzima sasa kunguru yuko juu ya ukuta, anajichokonoa kwapani.

"Mama, mrehani wako nitaumwagilia kila asubuhi," aliapa mume wangu Shripad, mtu ambaye hata maji ya kunywa huletewa.

Kunguru akatugeuzia mkia.

"Mama, sari zako za hariri nitagawana na Sulbha, nusu kwa nusu," akasema wifi yangu Kusum, akininyooshea kidole. Kunguru hakuamini. Hata mimi sikuamini.

Kuhani alipiga miayo, akasema ikishindikana atasokota kunguru wa majani, maana huyo hakatai.

"Wa majani! Wai nzima itatucheka!" Kusum akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemuudhi. Miaka kumi na tisa mnazozana. Haya, muombe radhi!"

Macho yote yakawa kwangu. Nilipandwa na hasira. Mimi nilimuudhi? Nikimwambia yule mama avae sweta, anavua hata shali. Nikisema dengu zimekolea chumvi, anaongeza. Daktari alimkataza maembe. Nilipomkumbusha, alikula matatu huku ananikazia macho.

Nikapanda hadi ukutani, mikono kiunoni.

"Haya, Mama, usile! Wali nimepika mimi, na hauna chumvi. Nakwambia usiguse!"

"Sulbha, umerukwa na akili?" Shripad alinong'ona.

Kunguru aliruka kabla sijafunga mdomo. Akadonoa tonge la kwanza, akadonoa la pili, akanitazama kwa jicho moja, akabeba la tatu.

Watu wakashangilia. Kusum akanikumbatia, mara ya kwanza tangu niolewe. Mimi nilikaa chini nikalia mpaka kamasi zikanitoka, wakadhani ni furaha.

Siku yake ya mwisho hospitalini nilimshika mkono, nikamsihi asituache. Miaka yote ile naye, na bado nikajisahau. Ningemwambia aende.