Fyuzi Mfukoni mwa Baba

Mtaa mzima ulimwita Mzee Mfuko, na jina lilimkaa. Fundi umeme huyo alikuwa na sharti moja, na ukilivunja mnakosana: kabla hujagusa waya, chomoa fyuzi kuu, itie mfukoni, usimpe mtu. Ndivyo alivyomfundisha bintiye kazi, na ndivyo walivyozunguka nyumba za watu, binti juu ya ngazi, baba chini akimtania, "Ukianguka usiniangukie mimi, bado nina kazi kesho."

Wiki iliyopita daktari aliwaonyesha picha za ubongo wa mzee. Sehemu zote zipo, alisema, ila zimeanza kutopashana habari: hii inajua jambo lake, ile ya pili haiambiwi. Ndiyo kwanza inaanza, lakini kazi ya hatari aiache.

"Mimi huyu?" Mzee alicheka njia nzima.

Binti hakucheka. Ila kumnyang'anya baba yake kazi, moyo ulimkataa. Bila kazi mzee yule angekwisha upesi. Akajiambia, potelea mbali, nyaya nitagusa mimi, yeye atunze fyuzi tu. Kutunza fyuzi kuna ugumu gani jamani?

Basi leo wako sebuleni kwa mteja, dari limefunguliwa. Mzee kachomoa fyuzi, kaitia mfukoni, kaupigapiga mfuko kama kawaida yake. Binti yuko juu, mikono yote miwili ndani ya nyaya. Chini, baba akatafuta leso ajifute jasho, vidole vikakuta fyuzi. Akaitoa, akaigeuzageuza.

"Ala! Na hawa wanaishije bila fyuzi?" akanung'unika, akaelekea ukutani.

"Baba! Usi—"

Mkono wa mzee haukubabaika hata kidogo. Fyuzi ilikaa mahali pake barabara.

Binti alipozinduka alikuwa sakafuni, vidole vya mkono mmoja vimeungua, moyo unamwenda mbio. Mzima, lakini kwa bahati tu. Baba yake alikuwa amepiga magoti, amempakata kichwa, analia huku anafoka.

"Nani huyo? Nani mshenzi aliyerudisha fyuzi na mwanangu yuko juu? Nionyeshe, leo atanijua!"

Binti alimtazama usoni. Mzee wa watu hakuwa anaficha kitu.

"Sijui, baba," alisema, machozi yakimtoka.

Kisha akajikokota hadi ukutani, akachomoa fyuzi kwa mkono uliosalimika, akaitia katika mfuko wake mwenyewe.