Mkono wa Dokta Quamina

Dokta Aldwyn Quamina aliunga mifupa ya Trinidad kwa muda mrefu kiasi kwamba ukisimama Port of Spain penye foleni ya roti, chapati za kukunjia mchuzi, hukosi mtu mwenye chuma chake mguuni. Alizaliwa Laventille kule mlimani, akasomea Jamaika, akaongeza masomo Skotlandi, akarudi. Wengi hawarudi. Mimi ni sista wa chumba cha upasuaji, nimempa nyundo na misumari tangu nikiwa na kiuno, kwa hiyo usinifundishe habari zake.

Nje ya kazi alikuwa na jambo moja tu: bendi ya kwao Laventille, ya mapipa ya chuma yanayopigwa kwa vijiti yakatoa muziki. Kila mwaka alijifunza wimbo wa mashindano ya Kanivali kwa sikio, kipande kwa kipande, kama wenzake. Na kila mwaka, siku ya kupanda jukwaani, mlevi fulani alianguka kutoka juu ya lori la muziki, Dokta akaitwa, na pipa lake likapewa mtu wa akiba. Jukwaa la Savana, uwanja wa mashindano, hakuwahi kulikanyaga. Vijana wa bendi wakambatiza Dokta Benchi.

"Dokta Benchi, mwaka huu tukuwekee na mto kabisa?" Selwyn, kapteni wa bendi, alimuuliza mbele yangu.

"Weka na blanketi," akasema.

Kisha kifundo cha mkono wake wa kulia kikaharibika. Kugonga mifupa ya watu kulikuwa kumeila ya kwake. Wa kumpasua alikuwa Dokta Indra Ramlogan, ambaye Dokta Quamina mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuunganisha mifupa ya kifundo iwe kitu kimoja: maumivu yaishe, nguvu zirudi, aendelee na kazi, ila kifundo kisikunjike tena, na bila kukunja kifundo huwezi kupiga pipa. Ya pili, kutoa vifupa vilivyoharibika: kifundo kitakunjika, lakini mkono utabaki dhaifu, hauwezi tena kupigilia msumari kwenye paja la mtu.

Sisi hatukuona kama hapo kuna swali. Wagonjwa walilala hadi koridoni, na mabingwa wa mifupa pale kwetu walikuwa yeye na Indra, basi. Yeye akiulizwa alijibu "tutaona", nasi tukaisikia kama ndiyo.

Asubuhi ya upasuaji alilala mezani, mkono tu umetiwa ganzi.

"Naunganisha, Mwalimu," Indra akamwambia.

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Vifupa. Nataka ukunjike."

"Na wale wa koridoni?"

"Wana wewe."

"Na mimi nina nani?"

Dokta akageuza uso upande wangu, nikajifanya napanga pamba. Indra alisimama na kisu mkononi mpaka nikadhani atakataa.

"Miaka yote unaniimbia mgonjwa kwanza," akasema.

"Leo mgonjwa ni mimi."

Akavitoa, na kwa ustadi. Mimi nilimkasirikia yule mzee kwa majuma. Nilimwona mchoyo, halafu nikimkumbuka kwenye benchi lake hasira inanipungua, na hilo nalo likaniudhi.

Jumapili ya nusu fainali, Kanivali iliyofuata, nilikuwa zamu ya mchana, nimeazimwa wodini. Tanti Philomena, bibi kizee aliyevunjika nyonga na upasuaji wake kuahirishwa tena na tena, alikuwa akitazama runinga. Bendi ya Laventille ikasukumwa jukwaani, mapipa yakiwa juu ya magurudumu. Dokta alikuwa mstari wa mbele, katika shati la manjano lililombana tumbo.

"Yule si ndiye angenipasua?" Tanti akauliza.

"Ndiye."

"Anapiga vizuri?"

Nikamtazama kwa makini. "Wa kawaida tu, Tanti."

"Ongeza sauti basi. Tumsikie huyo wa kawaida aliyenitupa hapa."

Indra akaja kutoka chumba cha upasuaji, kofia bado kichwani, akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Hakuutazama uso wa Dokta. Aliutazama mkono wa kulia ukienda mbio juu ya pipa.

"Unakunjika," alisema.

Alisimama mpaka wimbo ukaisha. Kisha akajipangusa macho kwa mkono wa gauni.

"Mlete Tanti," akaniambia, akarudi ndani kunawa mikono.