Ski Kwenye Mchanga wa Bawshar

Bi Kheiria alikuwa na miaka sitini na tatu siku aliyofunga ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, miguuni kwa mara ya kwanza, na theluji yenyewe ilikuwa mchanga mtupu wa Bawshar, Muscat. Kavaa abaya, mtandio kaubana kwa pini ili usipeperuke, mikononi kashika fimbo mbili ndefu mithili ya mtu anayetaka kuangua maembe. Mdogo wake, Nunu, alisimama karibu na gari, mkono mmoja una funguo, wa pili ameuziba nao mdomo asicheke.

"Kunja magoti, da Kheiria. Yule msichana wa kwenye video kakunja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Cha mvunguni ningekwisha kukitoa. Hichi changu kiko Norway."

Akasukuma mguu wa kulia. Ski ikazama ncha, yeye akaenda mbele, akakaa chini kwa kishindo. Vijana waliokuwa wakipandisha magari yao kilimani wakasimama kutazama. Nunu akaja mbio kumwinua, na sasa alikuwa anacheka kwa sauti, hana tena haja ya kuficha.

Huko Norway alikuwako Wael, mtoto wake wa pekee, mhandisi, ameondoka Muscat bado kijana na sasa ana mvi za masikioni. Alikuwako mkewe Raghad, na alikuwako Loay, mjukuu, ambaye bibi yake alimshika mara moja tu, akiwa mchanga, akamnusa utosini, wakamchukua wakaondoka naye. Baada ya hapo Loay alikulia ndani ya simu. Jino lake la kwanza bibi alilionea ndani ya simu, na jino hilo lilipong'oka alilionea humo humo. Bi Kheiria hakuwa mtu wa kulalamika, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaumia, na kila Ijumaa simu ikikatwa alikaa nayo mapajani mpaka kioo kizime.

Basi mwanzoni mwa Januari Wael akapiga na jambo jipya.

"Mama, likizo ya baridi, mwisho wa Februari, tunakwenda mlimani. Tumekodi nyumba ya mbao. Gari inaishia barabarani, kutoka hapo watu wanavaa ski wanakwenda taratibu mpaka nyumbani. Si kule kushuka mlima kwa kasi, hii ni kama kutembea tu, tambarare. Njoo na wewe. Kuna kitanda kimoja zaidi, na visa ukianza sasa inawahi."

Moyo wa Bi Kheiria uliruka. Lakini mdomo wake ulikuwa na malezi yake, na mdomo ndio uliotangulia.

"Aa, mwanangu, mimi na baridi wapi na wapi! Nendeni nyinyi. Miye mzee, nitawachelewesheni tu."

"Sawa, Mama. Naelewa," alisema Wael, akaanza kuuliza habari za dawa za presha.

Hapa lazima mtu aelezwe, maana asiyewajua watu hawa atadhani Bi Kheiria hakutaka kwenda. Kwao, kama kwa Wazanzibari wote wa Muscat wa umri wake, mwaliko wa kwanza haukubaliwi. Ukiambiwa karibu chakula, umeshiba, hata kama tumbo linanguruma na wenyeji wanalisikia. Ukiambiwa tena, husemi sana, unasema tu msijisumbue. Mara ya tatu ndipo unapovuta kiti, na wenyeji wanajua, na sahani yako ilikuwa imeshawekwa tangu mwanzo. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, hakufunzwa kwao. Huko ndiko kufanya takalufu, na Bi Kheiria alikuwa bingwa wake.

Wael naye alifunzwa. Walipokuwa wakikaa Ruwi, ghorofa ya juu, jirani aliwahi kumpa Wael, bado mtoto, visheti, naye akanyoosha mkono pale pale. Mama yake alimfinya paja mpaka machozi yakamlenga. Kutoka siku hiyo Wael akipewa kitu husema "ahsante, nimeshiba," macho hayabanduki kwenye sahani, anangojea aambiwe tena. Bi Kheiria alikuwa akimsifia kwa jambo hilo kila alipokwenda.

"Kanialika," alimwambia Nunu jioni ile.

"Ukasemaje?"

"Nkakataa."

"Vizuri," alisema Nunu. "Atarudia."

Wakanywa kahawa na halua, wote wawili wameridhika kabisa na kazi waliyoifanya.

Kungoja si kukaa bure. Bi Kheiria alipiga hesabu yake: Wael akirudia, jambo moja tu litakalomzuia ni zile ski, na hataki kuwa mzigo. Nunu akapata habari ya mama mmoja wa Finland anayehama, anauza vitu vya nyumbani. Katikati ya sufuria na mapazia kulikuwa na ski nyembamba, ndefu kuliko mwenye kuzinunua, na viatu vyake. Viatu vilimpwaya, ikabidi avae soksi pea mbili, na kupata soksi nzito Muscat ni kazi ya kuzunguka mji. Mama wa Finland alimwonesha jinsi kiatu kinavyoshikwa kwa ncha tu na kisigino kikabaki huru, akamuuliza atazitumia wapi. Bi Kheiria akasema ni za mjukuu.

Walijaribu kwanza kule ndani ya jengo la maduka, kwenye ukumbi wa theluji ya mashine. Wakaambiwa ski za namna ile hapo hakuna pa kuziendea, hapo ni pa watoto kuteleza wakipiga kelele. Ndipo Nunu akaukumbuka mchanga.

Wakawa wanakwenda kila baada ya Laasiri. Mchanga haukuwa na huruma. Ukimeza ski haurudishi. Bi Kheiria aliinua mguu badala ya kuutelezesha, akawa anatembea kama bata aliyevaa viatu vya mwenziwe, na usiku alijipaka dawa ya kuchua magoti na kiuno, nyumba nzima ikanuka karafuu. Nunu alimtania, akambeba, akampangusa mchanga, na kila walipokuwa njiani kurudi alikuwa na swali lile lile.

"Karudia?"

"Bado."

"Subira yavuta kheri."

Ijumaa zikapita. Wael alipiga, akaeleza habari za kazi, akaeleza habari za theluji. Bi Kheiria alimfungulia milango. Alimwambia amesikia hata watu wazima huko wanaweza ski. Wael akacheka, akasema kweli, kuna wazee wa miaka themanini wanapita na kumwacha yeye nyuma. Kisha akanyamaza, na mama yake akaushika ukimya ule kwa mikono miwili, akijua sasa inakuja. Wael akauliza kama fundi wa kiyoyozi amekwisha kuja.

"Mpigie wewe umwambie," Nunu alisema siku hiyo, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Nimwambie nini? Mwanangu, nataka kuja kwako?"

"Ndiyo."

"Nijipeleke kama sina kwetu? Mkewe atasemaje?"

Hata Nunu asingepiga. Shauri aliloweza kulitoa lingemshinda mwenyewe.

Kisha ikanyesha mvua. Mvua za Muscat si za kila siku, lakini ile ilikaa usiku mzima, mabonde yakapita maji, na Ijumaa ilipofika mchanga wa Bawshar ulikuwa umeshikana, mgumu na baridi. Bi Kheiria akafunga viatu, akakunja magoti, akasukuma fimbo. Ski ya kulia ikaenda. Ya kushoto ikafuata. Palikuwa na mteremko mdogo, na mteremko ukampokea, akateleza, akateleza kweli, pengine urefu wa sebule yake na jiko lake, abaya inapepea, hakuanguka. Alisimama mwenyewe. Aligeuka kumtazama Nunu, na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Umeniona?"

"Nimekuona! Wallahi nimekuona!"

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa Wael, anataka wazungumze kwa picha. Bi Kheiria akaificha kamera, akachukua sauti peke yake. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ya Wael.

"Bibi," alisema Loay, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, neno moja moja. "Wewe unakuja mlima? Na mimi?"

Nunu alisikia. Akainua vidole viwili juu: ya pili hiyo! Bi Kheiria akamtikisia kichwa kwamba ameelewa. Furaha ilimjaa, na kwa sauti tamu, ile ile ambayo mama yake na nyanya yake walikuwa wakiitumia, akasema kilichopaswa kusemwa.

"Aa, baba yangu, bibi yako mzee. Msijisumbue. Nendeni tu na mama."

Akangoja. Alisikia mtoto akisema kitu kwa lugha ya huko, na kiti kikisogezwa, na mlango. Upepo ulikuwa umetulia. Nunu bado alikuwa na vidole viwili hewani, tayari kuinua cha tatu.

"Mama," alisema Wael.

"Naam, mwanangu."

"Basi sitokusumbua tena. Nilimtuma Loay makusudi, nikasema labda yeye hutoweza kumkatalia. Nilikuwa nataka uje kwa moyo wako, sitaki kukulazimisha. Huku tumezoea, mtu akisema hapana, ni hapana."

Bi Kheiria akafungua mdomo.

"Na usiwe na wasiwasi na kitanda," Wael aliendelea. "Mama Balqis atakichukua. Raghad alimwambia wiki iliyopita kama wewe huji aje yeye, akajibu hapo hapo, tiketi ya lini? Sasa hivi Raghad yuko naye kwenye simu ya pili, anampa habari. Unasikia kelele? Ndiye yeye huyo anashangilia."

Alizisikia. Balqis ni mama yake Raghad, mtu wa Seeb, amezaliwa na kukulia Bujumbura. Akikaribishwa chakula hunawa mikono. Bi Kheiria na Nunu walikuwa wamemcheka kwa hilo miaka na miaka, wakisema watu wa bara wana mambo yao. Kumbe yeye alikuwa akiishi, na wao walikuwa wakingoja kuambiwa tena.

"Na ski?" aliuliza Bi Kheiria. Sauti ilimtoka nyembamba. "Balqis ataziweza ski?"

"Hawezi hata kuzisimamia, Mama. Kuna kisleji, kama kiti cha kuburura, tunamkalisha na mablanketi, najifunga kamba yake kiunoni, namvuta. Nilikinunua tangu Desemba. Nilikinunua kwa ajili yako."

Bi Kheiria alitazama miguu yake. Ski zilikuwa zimechubuka chini kwa kusuguana na mchanga, rangi yote imetoka. Neno lilikuwa pale, *nakuja*, fupi kuliko yote, mtoto wa miaka sita anaweza kulisema. Lakini kitu kimekwisha kupewa mgeni, na mgeni anashangilia, na mtu aliyelelewa hamnyang'anyi mgeni sahani mkononi. Hilo nalo alifunzwa, na hilo lilikuwa la zamani zaidi.

"Mpe Balqis," alisema. "Vizuri zaidi. Ndiyo nnavyotaka."

"Mwakani, Mama, in shaa Allah."

"In shaa Allah," alisema, naye aliijua in shaa Allah ile. Ndiyo aliyokuwa akimpa Wael alipokuwa akiomba baiskeli.

"Mbona unahema?"

"Nnapanda ngazi."

"Kuna ngazi gani nyumbani?"

"Niko kwa Nunu," alisema, na Nunu alikuwa na nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, na Wael alikuwa akilijua hilo zamani. Wakaagana. Kioo kikazima.

Nunu akashusha mkono. Alikwisha kuuona uso wa dada yake. Kule juu gari moja lilikuwa likinguruma kutaka kufika kileleni, likashindwa, likarudi nyuma. Bi Kheiria alisimama vile vile juu ya mbao zake, fimbo mikononi, amekunja magoti kama alivyofundishwa.

"Nikuvue viatu?" aliuliza Nunu.

"Acha tu. Ntavua mwenyewe."

"Nikuvue, da Kheiria."

"Usijisumbue, mdogo wangu."

Nunu akapiga magoti kwenye mchanga wa mvua, akaweka funguo za gari pembeni.

"Lete mguu," alisema.

Na Bi Kheiria akampa.