Kidole Juu ya Taa Nyekundu

Hedley Pargeter hakuwahi kumwachia mtu usukani wa gari lake la viti viwili. Hata mkewe Enid, aliyeendesha gari la nyumbani kwenda sokoni Coventry kila wiki, kwenye hili alikuwa mtu wa kiti cha kushoto: kitambaa kichwani, chupa ya chai magotini.

Jumapili hiyo ya Aprili walikuwa wakienda kwenye mkutano wa wenye magari ya zamani. Hedley alivuta choki ya kuamshia injini baridi, akazungusha ufunguo. Kwenye dashibodi ya mbao ikawaka taa ya chaji, nyekundu, ndogo kama kifungo cha shati. Akavuta stata. Injini ikakohoa, ikanguruma.

Ndipo Enid alipomwona akinyoosha kidole, akakiweka juu ya kile kioo chekundu na kukiacha pale, kama mzazi anayepapasa paji la mtoto kujua kama homa imeshuka.

"Imepoa... imezima," Hedley akasema. "Dainamo inachaji."

Enid akamgeukia.

"Saa ya hapo mbele yako inasema ngapi?"

"Saa tatu na robo," akajibu upesi, maana kengele ya kanisa ilikuwa imetoka kulia robo.

Saa ya dashibodi ilikuwa imesimama kwenye saa kumi na moja. Enid akanyoosha mkono, akazima injini.

"We mama, umeingiwa na nini?"

"Tangu lini unasoma taa kwa kidole, mzee?"

Hedley akaukaza mkono kwenye usukani, kisha akaulegeza.

"Tangu Krismasi."

"Na yule wa baiskeli wiki iliyopita, uliyemtukana mpaka akakimbia?"

"Sikumwona, Enid. Nilisikia kengele yake tu."

Enid angeweza kufoka. Alimtazama mzee wake, shingo ngumu, macho kwenye ua wa nyumba asiouona, na hasira ikamwishia. Kumshusha kwenye kile kiti ilikuwa lazima. Kumvunja haikuwa lazima.

"Haya, sogea. Leo dereva ni mimi."

"Gari hili hulijui! Choki yake ina kiburi."

"Nimeishi na mwenye kiburi miaka thelathini na nane. Choki ndiyo itanishinda?"

Hedley akacheka bila kutaka. Akashuka, akazunguka huku mkono ukitambaa juu ya boneti, akaketi kushoto.

Vitasa vyote vya kuvuta kwenye dashibodi vilikuwa vyeusi, na maandishi yake yalikwisha kufutika. Enid akavuta kimoja. Waipa zikaanza kukwangua kioo kikavu.

"Mvua iko wapi, bibi wee?"

"Nyamaza, nionyeshe."

Hedley akaushika mkono wake, akaupitisha kwenye vitasa polepole. Enid akahisi mikwaruzo ya tupa: mmoja kwenye choki, miwili kwenye stata, mitatu kwenye waipa.

"Nilivitia alama," Hedley akasema. "Nilidhani zitanifaa mwaka mmoja zaidi."

"Zitanifaa mimi."

Choki. Ufunguo. Stata. Injini ikashika, Enid akakanyaga mafuta kidogo.

"Imezima?" Hedley akauliza.

Enid aliiona imezima. Lakini akakichukua kidole cha Hedley, akakiweka juu ya kioo, wakangoja pamoja mpaka kikapoa.

"Imezima," akasema Hedley.

Enid akaingiza gia.