Kamba ya Pili

Kri. Kri. Kri.

Sauti ndogo, kavu, kama panya anayeguguna mlango kwa adabu. Ilipita koridoni, kila hatua kwa kri yake, ikakaribia mlango wa nje.

"Hiyo nini inalia?" mke aliuliza kutoka chumbani.

"Viatu," mumewe akajibu, haraka mno.

Havikuwa viatu. Ilikuwa kamera ya kulia, ikicheza kwenye skrubu yake, na mpiga picha alijua. Lakini gari la kuwapeleka kwenye harusi lilikuwa limeshapiga honi mara mbili, na yeye hakuwa mtu wa kurudi ndani kutafuta bisibisi huku mkewe anamtazama.

Watu walimwita Mizani. Kwa miaka kumi na minane alikwenda harusini na kamera mbili, moja kila bega. Moja ilikuwa na lenzi ndefu, ya kuvuta machozi ya mama aliyekaa mbali. Nyingine ilikuwa na lenzi pana, ya mambo yaliyo karibu na pua. Harusi haimsubiri mtu abadilishe lenzi. Pete ikishaingia kidoleni, imeingia.

Ila bega la kulia lilikuwa limeanza kushuka, na mkanda ukawa unateleza wenyewe. Mwezi uliopita kamera ilimponyoka ikatua juu ya mguu wa mama wa bwana harusi. Maskini yule mama alicheza harusi nzima kwa mguu mmoja. Mkewe, fundi cherehani, hakugomba. Alikata turubai, akashona kwa siku tatu, kisha akamwekea mume sharti moja: "Vaa hii. Na ikianguka tena, unabeba kamera moja."

Moja! Mizani wa sahani moja! Si bora wamwite Kijiko?

Basi akavaa. Mikanda miwili mipana ilikutana mgongoni, uzito ukagawanyika mabega yote, na kila kamera ikaning'inia nyongani kwa skrubu iliyoingia kwenye kitako chake. Bega likashukuru tangu siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa zile kamba. Kwa kila kamera mkewe alikuwa ameshona kamba ya pili, nyembamba, ya kufungwa kwenye pete iliyo ubavuni mwa kamera.

"Skrubu hulegea mtu akitembea," alimwambia. "Kamba hii haina kazi siku zote. Inangoja siku yake."

Lakini kwenye harusi iliyofuata kijana mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Mzee, mbuzi wako hao wanauzwa?" Ukumbi mzima ukacheka, na utani ukaenea. Ndiyo maana asubuhi hii, kabla mkewe hajaamka, alikuwa amezifungua zote mbili na kuzisokomeza chini ya mkanda zisionekane.

Chumba cha bibi harusi kilikuwa kimejaa wanawake, vigelegele na harufu ya pasi. Shangazi mmoja alikuwa amekanyaga gauni, pindo likafumuka karibu hatua mbili, na mkewe fundi alikuwa amepiga magoti analishona, pini tatu midomoni. Kando yake, sakafuni, aliketi mpwa wa bibi harusi, mtoto wa miaka minne wa kubeba maua, akihangaika kuvisha mguu wa kulia kiatu cha kushoto. Ulimi nje. Jasho puani.

Mizani akaiona picha. Akanyanyua kamera ya kushoto, yenye lenzi pana, akainama juu ya mtoto. Pa.

Ghafla upande wa kulia akahisi wepesi. Wepesi mtamu, wa mtu aliyetuliwa gunia. Bega likapumua, na yeye akaufurahia, Mungu amsamehe, kwa picha mbili nzima. Ya tatu ilikuwa na mkono ndani yake.

Mkono alioujua, wenye kastabini kidoleni. Ulikuwa umeidaka kamera ya kulia kwa lenzi yake, shubiri moja tu juu ya nywele za mtoto, na kidole gumba kilikuwa kimepinda kwa nyuma, mahali ambapo kidole hakipaswi kwenda.

Fundi hakupiga kelele. Alikuwa na pini mdomoni, na mtoto alikuwa amekwisha kuinua uso.

"Bibi, hiyo ni yangu?"

"Hapana, mjukuu wangu," akajibu kwa pembe ya mdomo. "Ni ya huyu babu mwenye viatu vinavyolia."

Mizani akaipokea kamera. Akatazama kile kichwa kidogo, kisha akatazama uzito uliokuwa mkononi mwake. Wakamletea fundi bakuli la maji baridi. Gumba lilikuwa linavimba mbele ya macho yao.

"Ulisema ikianguka nabeba moja," akasema, akimnyooshea ile kamera. "Ichukue."

Mkewe alitema pini kiganjani, moja baada ya nyingine.

"Imeanguka wapi? Unaiona sakafuni?"

"Mama watoto..."

"Mimi nimeidaka. Haijaanguka. Sasa funga kamba, halafu shika sindano. Pindo halijaisha na mkono wangu umekwisha."

Akazichomoa kamba mafichoni, akazifunga zote mbili, akazivuta kwa nguvu kuzijaribu, akakaza skrubu kwa sarafu. Kisha akapiga magoti. Mkewe alimwelekeza kwa kidevu: hapa, vuta, si hivyo, unashona gauni au gunia?

"Leo tumeyaona!" shangazi mkanyaga gauni akacheka. "Mpiga picha anashona, na mbuzi wake wamefungwa vizuri!"

Chumba kikaangua kicheko. Mizani alihisi masikio yakiwaka moto, ila safari hii hakugusa kamba. Akakata uzi kwa meno, akainuka, akasema kwa sauti ambayo hata walio mlangoni waliisikia:

"Mke wangu, sitoki tena nyumbani kabla sijakaza skrubu na kufunga kamba mbele ya macho yako. Na kitu kikilia, nitakwambia kinacholia ni nini. Nikikosa hata siku moja, niite Kijiko mpaka nife."