Tope au Theluji

... na goti la kocha tena, la kushoto lilelile, hapo hajateleza, lakini juzi, akisimulia uwanjani Roseville, lilikuwa limevunjikia kwenye tope, Saiprasi, mvua ya Februari, beki mwenzake kamwangukia, na leo, mezani kwa Anicet, huku anamega bugali na kuchovya kwenye sombe kama mtu aliyeachishwa ziwa nayo, limevunjikia kwenye theluji, Poland, mazoezini, wala hakuna aliyemgusa... tope au theluji, bwana mkubwa, chagua moja, na nani kakufundisha kula kwa mkono bila hata kuuliza haya ni majani gani? Mzungu asiyeuliza kilichomo sahanini ana kingine anachokitafuta, Anicet aliliamini hilo kama anavyoamini Zaburi, na hakugusa tonge lake. "Papa, anasema ile karatasi iko simple," Héritière alikuwa anatafsiri, maana Kiingereza cha Kocha Marián kilikuwa kimejaa mawe ya kwao Slovakia na cha Anicet kilikuwa cha ndoo na mopu, cha korido za hospitali anakosafisha huko Minneapolis, "ni ku-sign tu, two weeks, wananijaribu kama kipa, halafu narudi," na karatasi ilikuwa pale, kati ya chumvi na pilipili, ruhusa ya mzazi kwa msichana wa miaka kumi na saba aende kufanya majaribio kwenye timu ya wanawake ambayo rafiki wa Marián anaifundisha, mji gani sijui, chini ya milima gani sijui... Elisée wa kanisani alishaonya, kule kambini Nyarugusu walikuja watu wenye kofia na filimbi, wakachagua watoto, Ulaya, Ulaya, na watoto wakaonekana mara ya mwisho kwenye lori. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye Anicet hakuona aibu kushtuka. Lakini si lori lililomkausha mate, tuseme kweli, kilichomkausha ni swali aliloulizwa kabla ya kunawa mikono, kwa upole, upole huo ndio mbaya: cheti cha kuzaliwa mnacho? siyo hiki cha Januari mosi, kile cha kweli, wenye mpira siku hizi wanachunguza sana umri... Nusu ya kanisa lao hapa Hopkins wamezaliwa Januari mosi, wakimbizi wote, karani wa kambi aliandika hivyo kwa sababu kalamu yake ilikuwa na haraka, kila mtu anajua, hata walimu wanatania, sasa huyu mpiga mpira cha kweli anakitakia nini? Katumwa na nani? Kwa maana chini ya tarehe kuna mstari mwingine, wazazi waliomzaa, na Héritière hakuzaliwa na Anicet. Alizaliwa na Mugabo, mdogo wake Anicet, aliyeuawa njiani pamoja na mkewe, na mtoto wa miezi minane alifika kambini mgongoni mwa Perpétue, mke wa Anicet, na karani alipouliza huyu ni wenu, Perpétue alijibu ndiyo kabla mumewe hajafungua mdomo, na hiyo ndiyo ikawa faili, na faili ndiyo ikawa ndege, na ndege ndiyo ikawa Minnesota, na mtu akilivuta lile neno ndiyo leo, watang'oka wote watatu, hati, makaratasi, maisha... na mtoto mwenyewe hajui.

"Papa Héritière," Perpétue aliita kutoka jikoni, ndivyo anavyomwita kila siku ya Mungu, "mugeni anakuongelesha, unanyamaza tu?" Mwache aongee, mama, aongee sana, njia ya mwongo ni fupi. Na Marián aliongea. Kijijini kwao baba yake alikuwa fundi kiwandani, nchi ikagawanyika, kiwanda kikafungwa, yeye akaondoka na begi moja kwenda kulala bweni la klabu, miaka kumi na tano, leo anasema kumi na tano, uwanjani alisema kumi na sita, na baba yake alimsindikiza hadi stendi ya basi, leo baba hakuja kabisa, alibaki kitandani akiangalia ukuta... Anicet alikuwa anahesabu makosa kwa vidole chini ya meza, la tatu, la nne. Sehemu moja tu haikuyumba, ile ya timu ya taifa: aliitwa mara moja, akakaa benchi dakika tisini, akavaa jezi kavu akaivua kavu, maneno yaleyale, kituo palepale, tabasamu palepale, na Anicet akajikuta anaegemea kiti, ameunganisha mikono, kichwa kimeinama kidogo upande, anasubiri kumbana... na huo mkao aliujua. Mungu wangu, aliujua. Ni mkao wa yule mama wa mahojiano kambini, mwenye kalamu ya kijani, mara saba walikaa mbele yake, mwaka jana ulisema mdogo wako aliita jina lako, leo unasema hakuita, ipi ni ipi, bwana Anicet? Na yeye alitoka jasho, kwa sababu hakujua, alikuwa pale na hakujua, kila akikumbuka Mugabo anaanguka kwa namna nyingine, mara kuna vumbi mara mvua, mara ameita mara amenyamaza, na mama akaandika, akapigia mstari. Lakini akiulizwa juu ya mtoto, lo, hapo hakuna aliyeyumba, Jumanne, zahanati ya Baraka, kilo tatu, mkunga Rachelle, yeye na Perpétue walikariri hadi ikawa wimbo, na kalamu ya kijani haikupiga mstari hata mmoja.

Basi huyu hakuitwa timu ya taifa, hilo alilikariri. Anicet aliona hivyo waziwazi, na hakukasirika, alimwonea huruma, jitu zima linaloendesha gari la kupeleka vifurushi milangoni mwa watu na jioni linafundisha mabinti kudaka, acha liwe na jezi yake kavu. Ila goti ni la kweli, na baba yule wa kitandani ni wa kweli, vinamjia kila mara na hali nyingine ya hewa. Hakutumwa na mtu. "So, Mister Anicet?" Marián alisema, mkono mmoja bado una bugali, na Anicet alitaka kujibu, moyo umemlegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akageuka kwa Héritière atafsiriwe, na Héritière hakuwa anamtazama kocha, alikuwa anamtazama yeye, kwa utulivu, kichwa kimeinama kidogo upande... tangu lini? Kila mwaka, keki ikishakatwa, huwa anaomba, Papa, niambie siku nilizaliwa, na yeye kila mwaka anamwambia, Jumanne, zahanati ya Baraka, kilo tatu, mkunga Rachelle, miaka yote hiyo, na hajawahi kukosea hata neno moja.